Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: majengo ya kale ya Ayalandi na kwanini wenyewe wanayaringia

Naishi Dublin mwaka wa tisa sasa, na kila ndugu au rafiki akija kunitembelea lazima nimzungushe mjini, na maswali ni yaleyale kila mara, mengine yanakuja kwenye grupu la WhatsApp saa nane usiku mtu kaona picha tu. Nimechoka kutuma voisi ndefu ndefu kwahiyo nimeyakusanya hapa. Mimi sio msanifu majengo wala mwalimu wa historia, ni mtu wa kutembea na kusoma vibao na kuwasumbua walinzi wa milangoni kwa maswali.

Kwani Ayalandi ina majengo gani ya maana? Si mvua, ng'ombe na bia tu?

Mvua ipo, hapo sibishi. Ila hii ni nchi ambayo unaendesha gari dakika kumi kijijini unapita gofu la ngome, gofu la kanisa na mnara wa mawe wa miaka elfu moja, na mwenye shamba kafuga kondoo katikati yake kama hakuna kitu. Usitegemee makubwa kama ya Ufaransa au Italia. Utamu wa majengo ya huku uko kwenye stori ya nani alijenga, nani alifukuzwa, nani alichoma na nani akarudi kukarabati, na mara nyingi huyo aliyechoma na aliyekarabati ni watu walewale.

Lipi ndilo la kale zaidi?

Watu wengi watakutajia Newgrange, iko mkoa wa Meath, kaskazini ya Dublin karibu na mto Boyne. Ilijengwa kama mwaka 3200 kabla ya Kristo, maana yake ilishakuwa na karne kadhaa kabla ile piramidi kubwa ya Giza haijaanza. Ukikutana na Mwirishi, yaani mtu wa Ayalandi, akishajua hujui hilo, kaa vizuri, maana atakuambia na atarudia.

Ni kilima cha mviringo kilichotengenezwa na binadamu, upana kama mita 85, na ndani kuna njia nyembamba ya mawe kama mita 19 inayoenda mpaka kwenye chumba. Juu ya mlango waliacha kidirisha kidogo. Ile siku fupi kuliko zote mwakani, mwezi wa 12, jua likichomoza mwanga unapenya pale kwenye kidirisha unatambaa njia nzima mpaka chumbani, kama dakika 17 hivi, halafu giza linarudi. Msomi mmoja aliyekuwa anachimba pale, Michael O'Kelly, ndiye aliyekaa mle ndani peke yake tarehe 21 Desemba 1967 akaliona kwa macho yake, maana wanakijiji walikuwa wanasimulia siku nyingi kwamba jua huwa linaingia na wasomi wakawa wanawachukulia poa.

Nilimpeleka mama mdogo. Ile njia inabana, mtu mwenye mwili inabidi apite ubavu ubavu, akawa analalamika mpaka tukafika chumbani, kisha muongozaji akazima taa zote akawasha balbu ya kuigiza jua. Mama mdogo kimya. Tulipotoka ndo akasema, "Mwanangu, hawa waliwajengea marehemu nyumba nzuri kuliko walizolala wenyewe." Na kweli, nyumba za hao wajenzi hazijabaki hata moja pale.

Ule ukuta mweupe wa mbele ni wa kale kweli?

Mawe ni ya kale, ukuta ni wa juzi. Mawe meupe ya kwatzi yalikutwa yameanguka chini mbele ya kilima, O'Kelly akapiga hesabu zake akaona yalikuwa ukuta uliosimama, basi wakayapandisha tena na nyuma yake wakaweka zege. Wataalamu wengine mpaka leo hawakubali, wanasema pengine yalikuwa yametandazwa chini kama sakafu. Wageni wanaolijua hilo wananuna kidogo, wenyeji wala, kwao picha ya Newgrange ni ule ukuta mweupe na imekwisha.

Ile minara mirefu myembamba inayofanana na penseli ni ya nini?

Ni minara ya kengele ya watawa, ilijengwa zaidi kati ya karne ya 10 na ya 12. Jina lake la Kiirishi, cloigtheach, maana yake ndo hiyohiyo, nyumba ya kengele. Mlango wake kwa kawaida uko juu, mita mbili tatu kutoka chini, unapanda kwa ngazi ya kuegemeza. Zamani kila mtu alisema ni kwa ajili ya kujificha Waviking, wale mabaharia wavamizi wa kaskazini ya Ulaya, wakija, unavuta ngazi unakaa juu unasali. Siku hizi wengi wanaona sababu ya maana zaidi ni uimara, mnara wenye msingi mfupi vile ukiuweka tundu la mlango chini kabisa unaudhoofisha. Na kusema kweli kujificha kwenye bomba la mawe lenye sakafu za mbao ndani halafu adui ana moto... hapana jamani.

Mzuri wa kwenda kuona ni wa Glendalough, milimani kusini ya Dublin, kama mita 30 kwenda juu. Wa Kilmacduagh kule upande wa Galway nao umeinama.

Sasa sikia hii ya fahari ya taifa. Karne ya 18 na mwanzo wa 19 watu walikuwa wanabishana nani kajenga hii minara, mmoja anasema Wafoinike, mwingine waabudu moto kutoka Mashariki, mwingine Waviking, yaani yeyote yule ilimradi sio Mwirishi mwenyewe. Mwaka 1845 George Petrie akatoa kitabu akaonyesha kwa ushahidi wa majengo na maandiko ya kale kwamba ni minara ya makanisa na waliojenga ni Wairishi Wakristo. Sisi wa pwani tulioambiwa miaka yote kwamba miji yetu ya mawe ilijengwa na wageni tu tunaielewa hiyo bila kufafanuliwa. Baada ya hapo mnara ukawa nembo, ukawa unachorwa pamoja na kinubi na lile jani la shamrock kwenye mabango, mihuri, vikombe, mpaka kwenye makaburi.

Makaburini? Ndo ule mnara mkubwa wa Glasnevin, yale makaburi ya Dublin?

Huohuo. Lile ni kaburi la Daniel O'Connell, mwanasheria aliyepigania haki za Wakatoliki mpaka wakaruhusiwa kuingia bungeni mwaka 1829. Alifariki 1847, na walipotaka kumuenzi hawakumjengea sanamu ya farasi kama wanavyofanya Waingereza, walimjengea mnara wa watawa wa mita 55, mrefu kuliko minara yote halisi ya kale. Yeye amelala chini yake na jeneza limezungushiwa jiwe lenye matundu, unaingiza mkono unaligusa, watu wanafanya hivyo kwa kutafuta bahati. Mwaka 1971 bomu liliharibu ngazi za ndani, ukafungwa kupanda mpaka 2018. Sasa unapanda, na kama una matatizo ya magoti baki chini.

Na kwa wasomaji wetu wa Kongo, hapohapo Glasnevin amezikwa Roger Casement. Huyu alikuwa balozi mdogo wa Uingereza kule Kongo na ripoti yake iliyotoka 1904 ndo iliyoweka wazi ukatili wa kulazimisha watu kugema mpira wakati wa mfalme Leopold. Baadaye akageuka mpigania uhuru wa Ayalandi, Waingereza wakamnyonga London mwaka 1916, wakamzika gerezani, na mwili haukurudishwa Dublin mpaka 1965. Mgeni wangu kutoka Bukavu alisimama pale muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote tuliyopita wiki ile.

Lakini majengo makubwa ya Dublin si yalijengwa wakati wa Mwingereza? Sasa wanajivunia nini?

Hili ndilo swali lenyewe, na Wairishi wameulizana karibu miaka mia bila kumaliza.

Karne ya 18 Dublin ilikuwa jiji la pili kwa ukubwa kwenye himaya ya Uingereza, na tabaka la juu la Waprotestanti wenye ardhi ndio waliokuwa wanajenga. Mitaa mipana, viwanja vya bustani, majumba yenye kuba na nguzo, mwaka 1757 wakaunda mpaka kamisheni ya kupanua barabara. Wakatoliki walio wengi walikuwa wamebanwa na sheria, hawagombei ubunge, ardhi shida. Kwahiyo miaka ya 1920 uhuru ulipokuja kuna waliotazama yale majumba wakaona ni mnyanyasaji kasimama pale kwa sura ya jiwe. Wengine wakasema ngoja kwanza, aliyechonga lile jiwe ni nani? Aliyepiga plasta zile nakshi za dari za maua na ndege ni nani? Robert West, fundi plasta wa Dublin aliyefanya dari maarufu kabisa za mji huu, alikuwa mtu wa hapahapa. Mwenye nyumba alitoa pesa, na pesa yenyewe ilitoka kwenye kodi ya mkulima Mwirishi. Mimi niko upande wa hawa wa pili, naandika wazi msije mkasema nimejificha.

Si waliyachoma wenyewe?

Waliyachoma ndio. Stori ya Custom House, yaani nyumba ya forodha, ndo naipenda kuliko zote kwahiyo vumilieni.

Ilijengwa 1781 mpaka 1791 kando ya mto Liffey na James Gandon, msanifu kutoka London. Wafanyabiashara wa upande wa pili wa mji hawakutaka forodha ihamie kule, watu wakawa wanavamia kiwanja, jamaa akawa anaenda saiti na upanga mkononi. Kwenye vichwa vya milango na madirisha, mchongaji Edward Smyth akachonga nyuso 14, moja ni bahari ya Atlantiki na 13 ni mito ya Ayalandi, kila mto na sura yake, wenye samaki kwenye nywele, wenye matunda, wenye ndevu za majani. Mto wa Dublin, Liffey, ndio pekee wenye uso wa mwanamke.

Tarehe 25 Mei 1921, katikati ya vita vya uhuru, IRA, jeshi la wapigania uhuru, wakaingia mchana kweupe na makopo ya mafuta wakalichoma. Mle ndani kulikuwa na makaratasi ya serikali za mitaa na ya kodi, walitaka kuuvunja mfumo wa utawala pale ulipo. Moto uliwaka siku kadhaa. Kijeshi walipata hasara kubwa, wapiganaji watano walikufa na kama 80 wakakamatwa, lakini wiki chache baadaye silaha zikawekwa chini, mazungumzo yakaanza.

Sasa uhuru umepatikana, jengo ni gofu jeusi. Wakalijenga tena. Ila ile sehemu ya mviringo inayobeba kuba hawakutumia lile jiwe jeupe la Portland linalotoka Uingereza, walitumia jiwe la chokaa la Ardbraccan, la palepale Meath. Hilo jiwe lina rangi nzito zaidi, ndio maana ukilitazama jengo leo chini ni jeupe na juu ni kijivu, watu wanadhani ni uchafu. Halafu mwaka 1928 taifa jipya likatoa noti zake za kwanza, na nyuma ya noti wakaweka nini? Zile nyuso za mito za Edward Smyth. Miaka saba tu baada ya kulichoma jengo, nchi nzima inatembea nalo mfukoni.

Na yale majumba ya mashambani ya mabwana wenye ardhi?

Zaidi ya 200 yalichomwa kati ya 1920 na 1923, wakati wa vita vya uhuru na vita ya wenyewe kwa wenyewe. Mengine yalikufa polepole baada ya hapo, mwenye nyumba kaishiwa, bati la madini ya risasi linang'olewa paani linauzwa, mvua inaingia, basi. Yaliyobaki, kama Castletown pale Celbridge, sasa ni sehemu za watu kupeleka watoto jumapili.

Posta kuu, GPO, kwanini watu wanapiga picha posta?

Sababu ni Pasaka ya 1916. Jumatatu tarehe 24 Aprili kundi la wapiganaji waliingia pale, wakawatoa wateja, kiongozi wao Patrick Pearse akatoka nje barabarani akasoma tangazo la jamhuri mbele ya watu wachache waliokuwa wanamshangaa tu. Waingereza wakaleta mizinga, ndani ya wiki posta yote ikaungua, ikabaki sura ya mbele na zile nguzo sita. Jengo lenyewe la Francis Johnston lilikuwa limefunguliwa 1818, kwahiyo lilijengwa kama ofisi ya himaya, likafa kama ngome ya waasi, na mwaka 1929 likafunguliwa upya kama posta ya nchi huru.

Ninachokipenda ni kwamba limebaki kuwa posta kweli. Nilienda kutuma paso la binamu kwa barua ya rejista, mbele yangu kabibi kanalalamikia bei ya stempu, na dirishani nyuma yetu sanamu ya Cú Chulainn, shujaa wa hadithi zao za kale, kajifunga kwenye jiwe afe akiwa amesimama na kunguru begani. Ile sanamu ya Oliver Sheppard iliwekwa pale 1935. Matundu ya risasi wanayokuonyesha kwenye nguzo za nje yapo, na kama unataka ambayo huna haja ya kuambiwa, vuka uende kwenye mnara wa kumbukumbu wa O'Connell pale karibu na daraja, yale malaika ya chini moja lina tundu kifuani.

Ni kweli walikuwa na bunge likageuzwa benki?

Kweli tupu. Pale College Green, mkabala na chuo cha Trinity, kuna jengo la nguzo nyingi lisilo na madirisha kwa mbele, lilianza kujengwa 1729 kwa ramani ya Edward Lovett Pearce, na ndilo jengo la kwanza duniani kujengwa makusudi kwa ajili ya bunge la mabaraza mawili. Bunge lenyewe lilikuwa la Waprotestanti tu, tusisahau. Kwa sheria ya muungano na Uingereza ya mwaka 1800 likajipigia kura kujifuta, kwa ushawishi wa vyeo na pesa nyingi tu, na 1803 jengo likauzwa kwa benki ya Ayalandi pauni 40,000 kwa sharti kwamba ndani libadilishwe lisije likatumika tena kwa mikutano kama ile. Waliogopa jengo! Ukumbi wa makabwela ukavunjwavunjwa, wa mabwana ukabaki mpaka leo.

Ikulu ya Marekani imeigwa Dublin?

James Hoban aliyeichora alikuwa mtoto wa Kilkenny na alisoma Dublin, na ukiiweka picha ya Leinster House ya huku pembeni ya Ikulu yao ile ya Washington utaona mwenyewe. Leinster House ilikuwa nyumba ya bwana mkubwa mmoja, ilianza kujengwa 1745, na sasa ndio bunge la Ayalandi. Wairishi hawaachi kulisema hili hasa mwezi wa tatu, kwenye sikukuu yao ya Mtakatifu Patrick.

Zile nyumba za matofali zenye milango ya rangi rangi, ni kweli walipaka ili walevi wasikosee nyumba?

Hiyo ni stori ya baa. Nyumba zile za karne ya 18 zilikuwa na masharti makali, urefu sawa, madirisha sawa, matofali sawa, kwahiyo pa kuonyesha ubishoo palibaki mlangoni, rangi, kitasa, na kile kidirisha cha nusu duara juu ya mlango kinachoingiza mwanga kwenye korido. Angalia na madirisha, yanapungua urefu kadri yanavyopanda, sebule za wageni ziko ghorofa ya kwanza na wafanyakazi wanalala juu kabisa kwenye vidirisha vidogo.

Nani aliishi humo baada ya matajiri kuondoka?

Hapa ndipo fahari inapoingia uchungu. Bunge lilipofutwa matajiri wakahamia London, na njaa kuu ya 1845 mpaka 1852 ilipoua kama watu milioni moja, maskini wakajaa mjini. Yale majumba yakakatwakatwa yakapangishwa chumba kimoja kwa familia moja. Namba 14 mtaa wa Henrietta, nyumba iliyojengwa miaka ya 1740 kwa ajili ya familia moja ya kitajiri na watumishi wake, sensa ya 1911 ilikuta watu kama 100. Leo ni makumbusho. Mtaa wa Church mwaka 1913 nyumba mbili za namna hiyo zilianguka watu 7 wakafa.

Nendeni hapo namba 14. Unaanzia juu kwenye plasta za kifahari unashuka mpaka chini kwenye ukuta wenye rangi nyekundu na buluu ya kupaka kwa ndoo, na ukifika chini hujui tena hiyo nyumba ni ya nani. Wazee wa mtaani waliozaliwa kwenye nyumba za vile wanasema ni yao, na mimi siwezi kuwabishia.

Kwahiyo walipopata nchi yao wakazilinda?

Wapi! Mwaka 1965 shirika la umeme la taifa lilibomoa nyumba 16 za mtaa wa Fitzwilliam Street Lower, katikati ya msitari mrefu wa nyumba za kale ambao ulikuwa haujakatika, wakaweka ofisi ya zege. Watu walipolalamika, shirika lilimleta Sir John Summerson, mtaalamu mkubwa wa historia ya majengo kutoka Uingereza, naye akasema nyumba zile hazina ubora wa kulindwa. Yaani shirika la taifa huru linatafuta ruhusa ya Mwingereza ili libomoe alichokijenga Mwingereza, mimi hapo ndo huwa nashindwa kujua nicheke au nini. Ile ofisi ya zege nayo imeshabomolewa, na jengo lililokuja baada yake limerudishiwa sura ya matofali upande wa mtaani.

Waliokuwa wanatetea walikuwa wachache, chama cha Irish Georgian Society kilianzishwa 1958 na Desmond Guinness na mkewe Mariga, watu wa koo za kitajiri, na hilo likawapa wapinzani fimbo. Mwaka 1970 wanafunzi walipokalia nyumba za mtaa wa Hume zisibomolewe, waziri Kevin Boland alisimama bungeni akawakejeli watetezi wote kama masharifu wa zamani na wasomi wa mrengo wa kushoto. Kwa watu wa aina yake nyumba hizo hazikuwa za taifa.

Wood Quay ndo ilibadilisha watu. Wakati wanachimba msingi wa ofisi za jiji kando ya mto wakakuta mji wa Waviking wa miaka elfu moja umelala mzima kwenye tope, sakafu, uzio wa fito, viatu, vichanuo. Septemba 1978 watu kama 20,000 waliandamana, wengine baadaye wakaenda kulala pale saiti. Wakashindwa, ofisi zikajengwa na ziko pale mpaka leo, mabaya kweli yale majengo. Lakini sikilizeni, Waviking walikuwa wavamizi! Watu elfu ishirini wa Dublin waliandamana kutetea nyumba za wavamizi. Sheria ya mipango ya mwaka 2000 sasa ina orodha ya majengo yanayolindwa kila wilaya, ukibadilisha dirisha bila kibali unapelekwa mahakamani.

Vipi zile nyumba za nyasi kwenye postikadi?

Kuta nene za mawe au udongo, chokaa kila mwaka, paa la mabua ya ngano au shayiri au matete, na ule mlango wa nusu unaozuia kuku wasiingie na mtoto asitoke. Upande wa magharibi ambako upepo wa Atlantiki hauna adabu, paa linafungwa kwa kamba kwenye vijiti vya mawe ukutani. Mtu aliyekulia kwenye makuti ataangalia kona za paa kwanza, mimi nilifanya hivyo.

Ila postikadi imechagua. Kabla ya njaa, sensa ya 1841 ilihesabu zaidi ya vibanda 450,000 vya udongo vya chumba kimoja, na miaka kumi baadaye vilibaki chini ya 150,000. Wenyewe walikufa, walipanda meli, au wenye ardhi walituma watu wang'oe paa ili wapangaji wasirudi. Pale kisiwa cha Achill kuna kijiji kizima, Slievemore, kuta za mawe zimepangana kando ya njia bila paa hata moja, na nyasi zimeota jikoni.

Belfast nako vipi?

Ayalandi ya Kaskazini ni habari nyingine, jengo lilelile lina majibu mawili. Bunge la Stormont lililofunguliwa 1932 kwa wengine ni nyumbani na kwa wengine ni kumbukumbu ya miaka 50 ya kutengwa. Vita kuu ya pili walilipaka lami iliyochanganywa na samadi ya ng'ombe ili ndege za Wajerumani zisilione, na kuisafisha ilichukua miaka. Zaidi ya hapo waulizeni wa Belfast.

Gereza la Kilmainham lina haja ya tiketi mapema?

Ndio, wiki kadhaa kabla, zinaisha. Lilifunguliwa 1796, viongozi 14 wa 1916 walipigwa risasi uani mwake mwezi Mei, na 1924 likafungwa likaachwa miti ikaota ndani. Kuanzia 1960 watu wa kujitolea, wengine waliwahi kufungwa mlemle, walienda na majembe na misumeno yao wakalisafisha bila malipo. Lilifunguliwa kwa wageni 1966 na rais de Valera, ambaye ni mfungwa wa mwisho wa gereza lilelile.

Nina siku moja tu Dublin, nianzie wapi?

Anza asubuhi namba 14 Henrietta, weka nafasi kabla. Shuka kwa miguu mpaka GPO, ingia kama unatuma barua. Vuka mto uende College Green uone lile bunge lisilo na madirisha, kunywa chai, kula. Jioni fuata ukingo wa kusini wa mto kuelekea bandarini mpaka uwe mkabala na Custom House, sio upande wake, upande wa pili, ndo utaliona lote. Kama mvua imetoka kunyesha, na itakuwa imenyesha, jiwe la chini linang'aa na la juu linakuwa jeusi kabisa, ule msitari unaonekana hata na simu mbovu.